Nafasi Moja ya Katibu Muhtasi

Kwetu Vidin, Bulgaria, mtu akienda kwenye usaili humwagiwa maji kizingitini, mambo yake yatiririke. Mama alinimwagia ndoo nzima. Nusu ikaniingia viatuni.

"Mama jamani! Viatu vyenyewe ndivyo hivi!"

"Nyamaza, Genoveva. Ukikosa hii kazi unakwenda Italia kuogesha wazee wa watu. Rada atalelewa na nani? Na mimi, kwa magoti haya?"

Rada, binti yangu, alisimama mlangoni na mswaki mdomoni.

Bwana wa ofisi ya ajira alishanipasulia ukweli: mkoa huu, ukatibu muhtasi umekwisha. Ofisi zinafungwa, na zilizobaki kompyuta inajiandikia barua yenyewe. Ilikuwepo nafasi moja tu, ofisi ya ardhi. Moja!

Nikatoka. Ukungu wa mto Danubi ulikuwa bado umelala barabarani. Mvua hatukuiona kiangazi chote, lakini kizingiti cha jirani kilikuwa kimelowa. Na cha pili yake. Mtaa mzima vijito vilishuka ngazi polepole, vikakutana, vikaelekea kule kule ninakokwenda. Nilitembea kama niko usingizini. Wanawake wakachomoza ukunguni mmoja mmoja, blauzi nyeupe, hakuna anayemsalimu mwenzake. Mungu anisamehe, niliwachukia wote.

Mmoja wao alikuwa Iskra, niliyesoma naye uhazili. Viatu vyake navyo chapachapa.

"Mama yako?" nikamuuliza.

"Mama mkwe. Kanimwagia utadhani anafukuza paka!"

Tukacheka mpaka tukashikana mikono. Yeye ana mtoto wa kiume, Petyo, na Iskra akikosa kazi hii, kiti kwenye basi la Italia kilikuwa kinamsubiri.

"Shoga, akipata mmoja wetu, mwingine asinune," akasema.

"Nani anune?" nikajibu. Nilikuwa namdanganya.

Nikapata mimi. Jumatatu nikakaa kwenye kiti kinachozunguka, mto ukipita dirishani bila haraka, nikahisi chumba chote kinaelea. Nilikuwa na furaha, jamani, siwezi kuficha. Bosi akaniletea majina.

"Kazi ya kwanza, bibie. Wapigie waliokosa. Kwa upole."

Iskra alipokea upesi. Nyuma yake basi la Italia lilikuwa linanguruma; hakusubiri jibu.

"Halo, napiga kutoka ofisi ya ardhi," nikasema.

"Haya, sema, Geno. Sema yote kama ulivyoambiwa."

Nikasema yote: tunasikitika, tunakushukuru, tunakutakia kila la heri.

"Sauti yako tamu kwenye simu," akasema, kisha akaanza kulia. "Petyo halali bila taa. Mama mkwe ataizima. Pita umwambie aiache, shoga."

"Nitapita leo hii."

Bosi alikuwa amesimama mlangoni. Nikafuta uso kwa kiganja, nikapiga namba iliyofuata.