Namba Tatu Mbili Kwenye Karatasi Moja

Tangu asubuhi kocha Harlan Wojcik alikuwa ameandika majina ya timu yake ya besiboli mara nne na kuyafuta mara nne, hata kifutio cha penseli kikabaki kama jino la bibi kizee. Wengine wote hawakumpa taabu. Taabu ilikuwa kituo cha kwanza, pale mtu anaposimama mchana kutwa kudaka mipira anayorushiwa na wenzake.

Alikuwa na watu watatu, na hata ukiwachemsha kwenye sufuria moja hupati mchezaji mmoja kamili. Stubblefield, mkubwa kama friji, akiupiga mpira unakwenda kutafutwa kwenye maegesho ya magari; lakini umrushie yeye, utadhani viganja vimepakwa siagi. Quiñones alidaka hata nzi, ila gongo la kupigia mpira alilishika kama kaachiwa mtoto wa jirani. Lindqvist alipiga vizuri kuliko wote, lakini goti lake lilishastaafu. Huyo hakuweza kusimama uwanjani. Alifaa tu kuwa yule mtu mmoja anayeruhusiwa kupiga badala ya mrushaji, yule anayewatupia wapinzani mpira waupige.

Watu watatu, nafasi mbili. Harlan alitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kikombeni.

Bi. Krause, mwenye timu, akaingia na soseji mkononi.

"Harlan, leo nani kituo cha kwanza?"

"Nafikiria, mama."

"Ulianza kufikiria mwezi wa nne. Huu wa tisa! Marehemu mume wangu alinichumbia kwa wiki mbili, na kichwa chake kilikuwa kizito kuliko chako."

"Si rahisi, mama..."

"Nimekuuliza kama ni rahisi? Tukifungwa leo msimu umekwisha, na wewe umekwisha nao. Mtu mmoja, Harlan. Asimame pale nimjue."

Alipotoka, Harlan akaandika kwa hasira: Stubblefield, na pembeni namba tatu, ndiyo namba ya kituo cha kwanza. Lindqvist apige tu. Basi, yamekwisha.

Mara Stubblefield mwenyewe akapita mlangoni, akaangusha kahawa yake.

"Na kikombe kilikuwa na mkono wa kushikia!" Harlan alifoka.

"Samahani, kocha. Kimeteleza."

"Kila kitu kinateleza kwako!"

Akamfuta Lindqvist, akaandika Quiñones, namba tatu. Stubblefield sasa angepiga tu. Kengele ikalia, naye akachomoka mbio na karatasi, akawapa mwamuzi na kocha wa wageni, Delbert Fenn. Fenn akaisoma, akaikunja taratibu, akaiweka mfukoni kama barua ya mpenzi.

Wageni walipiga kwanza, Quiñones akiwa kituoni. Zamu ya wenyeji ilipofika kwa Stubblefield, Fenn akatoka benchini, hana haraka.

"Mwamuzi, hawa jamaa wana vituo vya kwanza vingapi?"

Mwamuzi akatazama karatasi. Tatu kwa Stubblefield, tatu kwa Quiñones. Wa kupiga tu, hakuna.

"Quiñones ameshasimama pale, anabaki," alisema. "Stubblefield nje mpaka mwisho. Mrushaji wako atapiga mahali pake."

"Ni kosa la penseli!"

"Basi ifukuze kazi penseli."

Mrushaji, Kessel, aliletewa gongo akaligeuza huku na huku. "Kocha, mara ya mwisho nilishika hili dude nilikuwa na meno ya utoto."

Mara tatu alikwenda kupiga, mara tatu akaupiga upepo. Lindqvist angeweza kuingia mahali pake, lakini hapo Kessel angetoka asirudi tena, na mchana ule hakuna aliyerusha kama yeye. Harlan alilipiga teke pipa la maji, akaumia kidole.

Raundi ya tisa, ya mwisho, wenyeji wakiongoza mbili kwa moja, wageni walibakiza mtu mmoja wa kutolewa na mwenzao mmoja, kituo cha tatu, akinusa kukimbilia kituo cha nyumbani kusawazisha. Mpira ukapigwa chini, ukaokotwa, ukarushwa ovyo kuelekea kituo cha kwanza, ukidunda mavumbini. Quiñones akajinyoosha mpaka suruali ikachanika, akauzoa kabla mpigaji hajafika kituoni. Nje! Mchezo umekwisha.

Bi. Krause akashuka na haradali kidevuni.

"Hatimaye! Umemweka Quiñones na lile friji ukalikalisha mchana kutwa. Sikujua una moyo huo."

Harlan akajaza mbegu za alizeti mdomoni.

"Ndiye huyo huyo kesho?"

"Ndiye, mama."

Ofisini akachukua karatasi mpya, akaandika Quiñones, namba tatu. Akaitazama. Kutoka uwanjani, ambako Stubblefield alikuwa akipiga mipira ya mazoezi kumaliza hasira, kulisikika mlio mmoja mzito, kisha kioo cha gari kikipasuka kule kwenye maegesho.

Harlan akanyoosha mkono kutafuta kifutio.