Kifungu cha Mzazi

Tulitoka nyumba moja, mimi na mkwe wangu, tukapanda basi moja, na tulipofika kwenye jengo la mabaraza mawili ya bunge tukatenganishwa mlangoni. Karani wa kamati aliuliza nani ameitwa na baraza la chini. Mkwe akanyoosha mkono. Akauliza nani ameitwa na baraza la juu. Nikanyoosha mimi. Karani akatazama mkoba tulioushika wote wawili, huku na huku, akataka kujua kama tunafahamiana. Nikamwambia huyu ni mke wa mwanangu. Alipotuonyesha viti alituongoza polepole, kama mtu anayeketisha watu msibani.

Mwanangu ni fundi wa friji. Asubuhi moja alibeba begi lake la vifaa akasema anakwenda kutengeneza chumba cha baridi cha mfanyabiashara wa nyama, ng'ambo ya mji. Mwenye chumba alisema hakuna fundi aliyefika. Tukatafuta hospitalini, tukatafuta vituo vya polisi, tukatafuta hata kule ambako mama hapaswi kuingia kumtafuta mwanawe, wanakovuta droo na kukufunulia shuka. Hayupo. Mtoto aliyemwacha akitambaa sasa anasoma mabango ya barabarani kwa sauti, anatuchosha.

Mkwe akabaki si mke, si mjane. Kiwanda anakoshona kimefungua tawi nchi nyingine na wanamtaka akawe msimamizi huko. Yeye anaweza kwenda. Mtoto havuki mpaka bila saini ya baba yake, au cheti cha kifo cha baba yake, na cheti hakitoki pasipo maiti. Ndiyo maana alikuwa akiufuatilia ule muswada wa watu waliopotea, wa kutoa cheti bila maiti, kama wengine wanavyofuatilia mpira.

Mimi sikuutaka. Watu wa baraza la juu walipopita mitaani kukusanya maoni niliwaambia mwanangu sijamzika, basi mtu asinizikie kwa kalamu. Walilipenda neno hilo mpaka wakalisoma barazani, na ndilo lililonileta pale.

Tena nilikuwa na sababu yangu. Friji ya nyumbani aliiunda yeye kwa vipande vya friji zilizokufa, inanguruma kama lori linalopanda kilima. Mota ikizima, nyumba inanyamaza ghafla, na katika ule unyamavu, kabla masikio hayajazoea, namsikia akikohoa. Nakijua kikohozi cha mwanangu. Ni kifupi, kikavu, kama mtu anayepiga hodi kwa koo. Kinatoka nyuma ya friji, pale alipokuwa akipiga magoti na bisibisi yake. Nikienda naona ukuta na waya. Niligusa sakafu mara nyingi nikaikuta ina joto, nikajiambia ni mota. Siku moja nilimuuliza mkwe kama naye husikia. Akasema, "Mama, mimi nasikia friji tu," akaendelea kukunja nguo.

Sasa mle ndani, kwenye kamati ya kuyapatanisha mabaraza mawili. Meza ndefu, upande huu baraza la juu, upande ule baraza la chini, na mashahidi nyuma ya waliowaita, kwa hiyo mimi na mkwe tulitazamana meza ikiwa katikati. Shahidi hasemi mpaka aulizwe. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo aliyevua viatu chini ya meza akidhani hatuoni. Upande wetu alisema mwanasheria mzee wanayemwita Nukta, kwa sababu hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake bila kuongezewa nukta mahali. Upande wa pili alisema mwanamama aliyewahi kuwa muuguzi, naye wanamwita Sista mpaka leo.

Miaka ya kungoja kabla mtu hajatangazwa amekufa waliimaliza mapema. Baraza la chini lilisema mitatu, la juu saba, wakavutana kama wanunuzi wa mitumba wakakutana kwenye mitano. Nilishtuka. Miaka yetu ilikuwa imeshapita hiyo, na hakuna aliyeinua hata kichwa.

Walikwama kwenye kifungu cha nani aombe cheti kwa hakimu. Baraza la chini lilisema mke au mume anatosha. Baraza la juu lilisema lazima iwepo idhini ya mzazi aliye hai.

"Nukta, ndugu yangu," Sista akasema, "unamfungia huyu binti ndani, halafu ufunguo unampa mtu mwingine."

"Wewe unataka mtu atangazwe amekufa, mama yake asikie kwa jirani."

"Mama yake atapewa taarifa."

"Taarifa wanapewa wanaokatiwa umeme."

Watu wakacheka, hata wa upande wa Sista. Mkwe hakucheka. Wala mimi.

Ikawa hivyo mchana kutwa. Kila mmoja anatoka nje na wenzake, wananong'ona kwenye korido, wanarudi na karatasi mpya yenye maneno yaleyale yaliyohamishwa viti. Na muswada, walisema, ungekufa saa kumi alasiri, ndio mwisho wa muda wa kamati. Niliona ajabu, kitu kisicho na roho, na saa yake ya kufa inajulikana.

Ilipokaribia kumi, karani akasogeza kiti ukutani bila kuambiwa na mtu, akapanda, akaigeuza saa, akatoa betri. Akashuka akafuta kiti kwa kiganja. Waheshimiwa waliendelea kubishana. Nilimvuta mhudumu wa maji nikamuuliza ni nini kile. Akaniinamia.

"Ndiyo desturi yao, bibi. Saa ya humu isipofika kumi, kikao hakijaisha, na muswada haujafa."

Nilikaa nikiitazama ile mishale. Wakubwa wale, wenye tai, wamefanya kile ninachokifanya mimi nyumbani kwangu miaka yote hii. Kwanza nilifurahi, kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Kisha nikaanza kuona mambo. Jua la dirishani lilikuwa limehama kutoka mezani hadi ukutani. Mheshimiwa mmoja alikuwa akizima simu inayotetema, bila shaka mkewe. Matumbo yalikuwa yakilia. Nikamtazama mkwe. Yule binti aliletwa kwangu akiwa hajui hata kuchagua mboga, sasa mvi zilikuwa zimempanda juu ya masikio, wala sikujua zimeanza lini. Saa ilisimama kwa ajili ya muswada. Yeye hakuna aliyemsimamishia kitu.

Pembeni kulikuwa na friji ndogo ya maji. Ilikuwa ikinguruma tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nimeshaisahau. Mota ikazima.

Akakohoa.

Kilekile, kifupi, kikavu, nyuma ya friji. Nukta alikuwa akisoma, hakusita. Sista alikuwa akiandika. Mimi niligeuka, shingo ikaniuma kwa kasi niliyogeuka nayo. Niliporudisha uso, ng'ambo ya meza mkwe naye alikuwa amegeuka kutazama friji, mkono umefunika mdomo. Tukakutana macho. Akayainamisha.

Nilichosikia baadaye ni jina langu la heshima, mwenyekiti akiniita mama mzazi. Walikuwa wamepata njia. Mahali pa "kwa idhini ya mzazi" waandike "baada ya mzazi kusikilizwa". Sista alikuwa tayari. Nukta alisema yeye binafsi angekubali, ila alikuja pale amebeba neno la mama huyu, na hataliweka chini bila kumuuliza mwenyewe. Nikikataa, baraza la juu litakataa, karani atarudisha betri, basi.

Chumba kizima kikanigeukia. Mkwe hakunitazama. Alikuwa akikaza kamba ya mkoba wetu kidoleni mpaka kidole kikabadilika rangi.

Niliuliza kusikilizwa maana yake nini. Hakimu ataniangalia, au atakuwa akisaini mengine huku mimi naongea?

Mwenyekiti akasema waongeze "ana kwa ana". Nukta akataka waongeze "bila kukatizwa". Sista akauliza bila kukatizwa mpaka lini, maana yeye ana mama mkwe na anamjua, angeanza Jumatatu wakaja kumchukua Ijumaa. Wakacheka tena. Wakashauriana, wakaandika "kwa muda unaotosha".

"Na baada ya kunisikiliza," nikasema, "hakimu anaweza kumpa huyu cheti hata kama nimesema hapana?"

"Anaweza, mama," akasema Nukta. Hakunificha, namshukuru kwa hilo.

Nilitazama ile friji. Nilingoja. Ningesikia hata pumzi moja tu, ningekataa, na kila mtu angeondoka na chake. Haikutoka pumzi. Mota ikawaka, ikaanza kelele zake.

"Andikeni hivyo," nikasema.

Karani alikisoma kifungu kwa sauti moja, kama anasoma anwani. Mikono ikanyooshwa pande zote mbili. Mwenyekiti akavaa viatu.

Tulitoka giza likiingia. Kituoni tulipanga foleni ya basi, mkoba katikati. Mwisho nikamuuliza ameanza lini kumsikia.

"Tangu mwanzo, mama."

"Ukaniambia friji tu."

"Ningesemaje? Ningekubali, tungekaa wote wawili jikoni tukimngoja. Na mtoto angelelewa na nani?"

Nilivua sweta nikampa. Nikamwambia siku ya hakimu nitasema mengi, tangu mwanangu alivyozaliwa kwa shida, na alivyofungua redio ya baba yake akashindwa kuirudisha, na begi, na ile asubuhi, na kikohozi. Asije akaniharakisha. Nikimaliza, achukue cheti chake, ampeleke mtoto.

Akasema hataniharakisha. Tukasogea mbele kidogo na foleni.

"Ila la kikohozi, mama," akasema, "usiseme peke yako."