Sauti Aliyoiazima Mheshimiwa

Jumapili ile Mkawasi alirudi nyumbani alasiri akiwa amejaa hasira na hajui aimwagie wapi. Kazi yake ilikuwa kumtafsiria Mheshimiwa Kisombe, mgombea ugavana, kwa Kitaita kila alipopanda vilimani kuomba kura. Asubuhi, kanisani, Mheshimiwa alinguruma kwamba mwanamke anayetoa mimba ni muuaji, na Mkawasi, kama wafanyavyo wakalimani, akayasema maneno hayo kana kwamba ni yake: nitawasaka, nitawafunga, na hospitali zitawataja. Waumini wakapiga makofi. Mdogo wake Saru peke yake ndiye aliyeinuka kabla ya sala ya mwisho, amejikunja, akisema ni homa tu. Mchana, mbele ya wauguzi mjini, Mheshimiwa yuleyule alibadili koti akasema kwa upole kwamba mwili wa mwanamke si mali ya serikali. Nao wakapiga makofi. Garini Mkawasi alimuuliza anaamini lipi hasa. Mtu mzima yule akacheka mpaka akakohoa, akajibu kwamba mambo ya kuamini yatangoja aapishwe kwanza. Mkawasi alivua viatu, akajitupa kochini na kanga yake usoni, na usingizi ukamchukua akiwa bado anasonya.

Akajiona katika nchi yenye majukwaa mengi kuliko nyumba. Mwanamke wa makamo, taulo begani na beseni la maji ya moto mikononi, alimwambia jina lake ni Huruma, na kwamba huko hapewi kiti katika mkutano wowote. Wakafuatana. Kwenye jukwaa kubwa kuliko yote alisimama Bwana Unafiki, na jukwaa lenyewe lilizunguka kama jiwe la kusagia, ili kila umati upate uso wake: kwa hawa uso wa toba, kwa wale uso wa tabasamu. Midomo yake ilichezacheza tu bila kutoa neno. Sauti ilitoka chini ya mbao, na Mkawasi aliitambua mara moja. Ilikuwa yake mwenyewe. Akataka kusema kwamba yeye ni mfanyakazi tu, lakini Huruma alikuwa ameshatangulia.

Wakafika kwenye hospitali. Milango ilikuwa wazi, vitanda vimetandikwa, wauguzi wamekaa wakingoja. Nje, wanawake walikuwa wameketi vumbini wakishika matumbo, na hakuna aliyeingia. Aliyewazuia ni Hofu, kijitu kikondefu ambacho hata kuku wasingekiogopa. Hakuwa na rungu wala bunduki, alikuwa na kipaza sauti tu, na kila mwanamke aliponyanyuka, Hofu alikifungua, sauti ya Mkawasi ikatoka: nitawafunga, hospitali zitawataja. Mwanamke akaketi tena.

“Lakini Mheshimiwa yule ni mwongo,” Mkawasi akasema. “Kesho atasema lingine. Mbona wanamsadiki?”

“Yeye hawamjui, mwanangu,” Huruma alijibu taratibu. “Wewe wanakujua. Umewafundisha watoto wao, umewaimbia harusini. Neno hili limewafikia kwa sauti ya mtu wa kwao, ndiyo maana limewaingia.”

Mwishoni mwa mstari wa wanawake hao alikuwapo mmoja mwenye gauni la kijani la kanisani. Aligeuka. Ni homa tu, dada, akasema, na chini yake vumbi lilikuwa limelowa. Mkawasi alifungua kinywa kumwita, lakini hakikutoka kitu, kwa kuwa sauti yote ilikuwa ndani ya kile kipaza sauti. Huruma akamtwika beseni.

“Usihangaike kumwita huku,” alisema. “Nenda pale anapokusikia.”

Mkawasi akazinduka, jua bado liko dirishani. Hakutafuta viatu. Alinyakua mkoba, akakimbia mpaka kwa Saru, akakuta mlango umekomewa kwa ndani. Alibisha, akaita, akabisha tena.

“Utanitaja, dada?” sauti dhaifu ikauliza.

“Maneno yale hayakuwa yangu, mdogo wangu.”

“Nimeyasikia kwako.”

Mkawasi aliegemeza paji la uso mlangoni. Aliona aibu, na aliichukia aibu ile, na alimchukia zaidi Mheshimiwa, aliyeilipia nauli mpaka mlangoni pale. Mimba ilikuwa imetoka yenyewe au imetolewa, hakuuliza.

“Ni kweli, umeyasikia kwangu,” akasema. “Basi na haya yasikie kwangu. Fungua twende hospitali. Atakayetaka jina, nitampa langu.”

Komeo likavutwa polepole.

Simu ililia mkobani njia nzima, ndani ya gari la jirani, na Mkawasi, mikono yote miwili ikiwa imemshika Saru, hakuigusa. Wauguzi walimpokea Saru bila maswali ya kanisani, wakasema wamewahi. Ndipo Mkawasi akaitazama simu: walikuwa watu wa Mheshimiwa. Kule kwenye mkutano wa jioni, alikotakiwa kutafsiri, Mheshimiwa alikuwa ameshapanda jukwaani, ameshanguruma sentensi yake ya kwanza mbele ya wazee wa vilimani, na anangoja mtu wa kuisema.