Mashua na Wachu Wawili

Mwanabibi hakulia. Hilo mtaa mzima ulilijua kabla hata matanga hayajaanuliwa, maana aliyelitangaza ni wifi yake Wardah, waliyekaa naye nyumba moja, na Wardah akishika jambo, redio ya Kismayo ikae kando. "Ndugu yangu kafa, mkewe kakaa kitako ati anangoja chai!" ndivyo alivyowaambia watu, mkono kiunoni, tumbo mbele, kwani mwanamke yule alikuwa na mimba kila ukimtazama. Na uongo haukuwa. Siku Mbwana alipotolewa nyumbani juu ya jeneza, mkewe alikuwa akitazama msumari uliochomoza mlangoni, akiwaza kwamba kuna mtu atakwaruzwa.

Msimwone mbaya, jamani. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, basi, kama mguu uliokaliwa. Uko, unauona, lakini ukiufinya husikii. Alipika, alifua, alimsuka mwanawe Afnan nywele. Alikaa eda yake ndani mpaka ikaisha, akaogeshwa, wanawake wakajipanga kungoja machozi. Wapi! Yeye akauliza kama ndoo ya pili ina maji. Na neno lake lilibaki moja tu, lile la Wasomali wakikubali jambo: haye. Unga umekwisha? Haye. Binti wa jirani kaposwa? Haye. Hata ukimwambia nyumba inaungua nadhani angejibu vivyo hivyo.

Marehemu Mbwana alikuwa fundi wa mashine za mashua, mtu wa kisiwa cha Kudhaa, mafuta machafu toka kucha hadi kisogo, mcheshi hata kwa watu wasiotaka kucheka. Kila alasiri, akishanawa, alimkalisha Afnan barazani akamfundisha herufi za Kiarabu kwa njia yake mwenyewe, ambayo hakuna sheikh aliyemfundisha. Alifu ni mchu kasimama, na mchu kwetu Wabajuni ndiye mtu. Bee ni mashua, kitone cha chini ni nanga. Tee ni mashua na wachu wawili: baba na mama, Afnan bado hajaja. Thee wachu watatu: huyo, kaja! Na mtoto akicheka, Mbwana anaendelea na jimu na zile za mbele, huku Mwanabibi yuko jikoni, anasikia bila kusikiliza, kama mtu asikiavyo jirani akitwanga.

Lakini jambo ambalo Mbwana alilivalia njuga lilikuwa jingine. Alitaka bintiye asome ile shule ya geti la kijani, shule ya Kiislamu ya binafsi, na si kwa sababu ya sare wala majengo. Ni sharti moja tu: mle ndani mtoto haulizwi ukoo. Kama wewe si Mbajuni hili litakupita. Mjini kwetu mtu kabla hajakuuliza hali anataka kujua wewe wa nani, na babu wa babu yako ni wa nani, na Mbajuni akishajibu anaona uso wa mwenziwe unafungwa kama duka wakati wa sala. "Pale mchu ni jina lake na la babake, yamekwisha," Mbwana alikuwa akisema. Na hata alipolazwa, homa imemgeuza macho manjano, alimshika mkewe mkono akamwambia, "Afnan na shule. Niahidi." Mwanabibi akaahidi. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi, hakuna kingine.

Kwa hiyo safari yake ya kwanza nje ya nyumba haikuwa ya sokoni. Alimvalisha Afnan buibui dogo, akamshika mkono, wakaenda.

Shule ile haipokei mtoto, inapokea familia. Ndivyo alivyoambiwa na mwalimu Hodan, naibu wa mkuu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole, ambaye kwanza kabisa alimpa pole ya mfiwa, akamwombea marehemu, akamwagizia mtoto maji ya kunywa. Tusimsingizie, alikuwa mtu mwema. Kisha akaanza kusoma masharti kwa Kisomali, polepole. Nyumbani sala tano zisimame. Mzazi mwenye lalamiko aje shuleni, asilitupe kwenye makundi ya simu. Hakuna mtoto kumwita mwenziwe kwa jina la kabila, na mzazi vile vile. Kwa kila moja Mwanabibi aliitika haye.

"Na jambo kubwa kwetu ni ukweli," akasema mwalimu Hodan. "Kila Alhamisi watoto wanakaa duara, tunaita muhasaba. Kila mmoja anasema mwenyewe ya nyumbani kwao: nimesali, sikusali, nimesema uongo, nimetii. Hatuwapigi. Tunataka wazoee kusema kweli hata inapowauma."

"Haye."

Mwalimu akamgeukia mtoto, akamwonyesha herufi kwenye kadi. Ilikuwa tee. Afnan akachangamka mara moja, maskini, hii anaijua.

"Mashua na wachu wawili!"

Mwalimu Hodan hakujua Kibajuni. Akamtazama mama mtu, naye Mwanabibi akamfasiria, neno kwa neno, bila ya uso wake kucheza. Mwalimu akatabasamu, kisha tabasamu likapungua.

"Ni tamu sana," akasema. "Lakini dada yangu, nikwambie kweli. Hapa wanakuja watoto wa kila nyumba, na kila nyumba ina herufi zake. Wakichanganya, wanakwama, na wakikwama wanachekwa. Wakishachekwa, mara moja wataulizana wewe kwenu wapi. Ndiyo maana tuna njia moja kwa wote, shuleni na nyumbani. Haya ya mashua, yasisemwe tena nyumbani. Tukisikia yamesemwa, tunawaonya wazazi. Yakirudiwa, nafasi anapewa mtoto mwingine. Unakubali?"

Afnan alimtazama mamake. Mtoto yule alikuwa amewahi kumuuliza swali ndani ya eda, akiwa kamlalia mapajani. "Mama, sasa sisi ni tee?" Na Mwanabibi wakati ule alijibu kama alivyojibu sasa, kwa sauti ile ile.

"Haye."

Wardah aliposikia alitaka kubomoa nyumba. "Wifi, una akili wewe? Umekwenda kuyauza maneno ya ndugu yangu! Mchu kafa, kaacha spana na vile vichekesho, na spana Fuadi keshazichukua!" Fuadi ni kaka yao, naye alizichukua kweli, tena kabla ya hitima. Mwanabibi akamwambia kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka shule ile. Wardah akasonya, akaenda kujilaza, maana miguu ilikuwa imemvimba.

Na shule, kusema haki, ikafaa. Afnan alipendwa. Alikuja na majina ya mashoga mapya, Umi na Safiya, na hakuna aliyemuuliza babu wa babu yake. Alijifunza kukunja nguo zake, alijifunza kusema samahani kabla ya kuambiwa. Alhamisi akirudi alisimulia bila kuficha: leo nimesema nilimpiga paka, mwalimu kaniambia nimwekee paka maji. Ile alasiri ya barazani ikawa kimya. Mwanabibi aliona ni vizuri, au hakuona kitu, kwake yote yalikuwa ladha moja.

Mpaka siku ile ya mchele. Alikuwa kakaa mkekani na ungo, anachagua mchele, Afnan pembeni yake na kibao cha shule anaandika kwa chaki, ulimi nje. Mwanabibi akatupa jicho tu, hakukusudia, akaiona herufi. Neno likamponyoka.

"Ile mashua."

"Hii ni taa, mama," akasema Afnan, akiitaja tee kwa Kiarabu safi cha darasani.

"Na wachu wake?"

Afnan akamtazama kwa huruma, kama mkubwa amtazamavyo mdogo asiyejua kitu.

"Hamna wachu, mama. Ni nukta."

Lo! Kitu kikamkata Mwanabibi hapa, chini ya titi. Mguu uliolala hauumi, unauma ukiamka, na moyo nao kumbe ni vivyo. Hamna wachu. Akamwona Mbwana kanawa mikono, maji yanamchuruzika viwikoni, anainua kidole: tee, baba na mama, Afnan bado hajaja. Akataka kumshika pale pale asipotee, akaanza kuhesabu mwenyewe kimoyomoyo. Alifu mchu kasimama. Bee nanga. Tee. Thee. Jimu... Jimu nini? Jimu nini, ya Rabbi? Alasiri zote zile alikuwa jikoni, ukuta mmoja tu kati yao, na hakulichukua hata neno. Duniani alibaki mchu mmoja mwenye maneno yale, Afnan, na yeye mamake ndiye aliyekwenda kwa miguu yake akasema haye yafutwe.

Ungo ukamtoka, mchele ukamwagika.

"Afnan. Jimu, babako alikuwa akiisemaje?"

Mtoto akatazama mlangoni. "Mwalimu kasema tusiseme."

"Najua. Unaikumbuka?"

Afnan akaweka chaki chini. "Nikisema, Alhamisi nitaulizwa. Na mimi sisemi uongo, mama."

Hapo sasa. Mwanabibi akaona pande zote mbili kwa wakati mmoja, naye alikuwa hajaona hata moja kwa muda mrefu. Huku ahadi aliyompa mumewe mkono kwa mkono, huku mume mwenyewe. Angeweza kumwambia mtoto sema kisha ufiche, na wangapi wangefanya hivyo? Lakini ile shule ilimfundisha mwanawe asimwogope mtu kwa kweli yake, na Mbwana aliitaka shule kwa hilo hilo, bintiye asione haya kuwa alivyo. Aliogopa, na hata huo woga ulikuwa mgeni kwake.

"Sema, mwanangu," akamwambia. "Na Alhamisi usiseme uongo. Wakiniita nitakwenda mimi."

Afnan akamsogelea, akaweka mdomo sikioni kwa mamake, kwa sababu nyumba ilikuwa na masikio mengine.

"Jimu ni tumbo la shangazi Wardah. Mtoto yumo ndani."

"Na hee?"

"Keshazaa."

"Na khee?"

"Mtoto kampanda kichwani!"

Kicheko kilimtoka Mwanabibi kwanza, kibaya, cha puani, halafu kikavunjika katikati, na kilichofuata hakikuwa kicheko. Alilia. Alilia kwa sauti, shungi mdomoni, anakwenda mbele na nyuma juu ya mchele uliomwagika, anamwita Mbwana kwa jina kama anamwita kutoka uani. Wardah akatoka chumbani na tumbo lake, ana hasira ya kuamshwa, mdomo tayari. "Mnanicheka nini nyi..." Akauona uso wa wifi yake. Akajiteremsha mkekani kwa shida, akamvuta kichwa, akakilaza begani.

Afnan alikuwa akiokota mchele, punje moja moja, anautia kwenye ungo. Alipoona kilio kimepungua, akauliza.

"Mama, Alhamisi niseme yote?"

"Utasema nini?"

Mtoto akafikiri. "Nitasema nimesema zile za baba. Nitasema mama ndiye kaniambia." Akatupa jiwe dogo nje ya ungo. "Halafu nitasema mama kalia."

Haye ikamjia Mwanabibi mdomoni kwa mazoea, akaimeza. Akajifuta kamasi kwa ncha ya kanga, akavuta kibao cha shule, akaitazama ile herufi na vitone vyake viwili juu.

"Waambie," akasema. "Waambie mama kalia."