Siku Tano za Godoro la Mama

Godoro la mama yake liliporomoka kutoka kwenye gari la taka la manispaa Jumatatu asubuhi, na Makucha akalitambua kabla halijatua shimoni. Wenzake walimpa jina hilo kwa kuwa ndiye aliyeendesha kreni ya mtambo wa umeme unaochoma taka: kutwa yuko kwenye kibanda cha kioo juu ya shimo la taka, anainua na kushusha makucha ya chuma. Godoro lilikuwa la sufi, lenye mistari ya buluu, na kiraka cha khaki ambacho marehemu mama alikikata kwenye kaptula ya shule ya Makucha mwenyewe.

Taka mbichi haziingii tanuri. Hukaa shimoni siku tano zichujike maji, ndipo zichomwe, ziwashie watu taa. Kwa hiyo Makucha alikuwa na siku tano za kuamua: alichome, au ashuke alichukue.

Akawa anavuta muda, tusimfichie. Alipinduapindua taka za mji mzima, godoro akalizunguka. Utotoni walilala juu yake watoto wanne, miguu huku, vichwa kule, na aliyekojoa ndiye aliyelibeba kwenda kulianika, majirani wakimtazama. Makucha alilibeba mpaka akatimiza miaka tisa. Haya, tuseme kumi. Ya kale hayanuki. Mama alishika ncha ya nyuma, ili mwanawe asione haya peke yake.

Ijumaa mkuu wa zamu akamwita kwenye redio. "Makucha, hapo katikati pamekauka. Unapaogopea nini?"

Makucha akampigia simu dada yake mkubwa, aliyebaki kwenye nyumba ya mama.

"Dada, hata kuniuliza? Umemtupa mama jalalani?"

"Ningetaka kulitupa ningelichoma uani. Mwaka mzima nimelilalia, asubuhi siinuki. Nikasema liende kwa mdogo wangu. Mimi limenishinda."

Makucha akaiweka simu kando bila kuikata. Akashusha chuma taratibu, akalinyanyua godoro peke yake, pasipo taka nyingine, akalifikisha mdomoni mwa tanuri, akaachia. Mshale wa kipimo cha umeme kibandani haukutikisika hata kidogo. Alilia bila kujificha.

"Limekwenda?" dada akauliza.

"Limekwenda. Wewe utalala wapi?"

"Sakafuni."

"Basi nikitoka kazini nakuja. Tutalala wote."