Kanuni ya Arobaini na Mbili

Nchi nzima hapakuwa na mtu aliyezijua kanuni za nyaraka za siri kama Bibi Kufuli wa masjala. Arobaini na moja alizikariri. Ya arobaini na mbili aliitunga mwenyewe.

Hiyo ilisema kwamba kila Alhamisi mtunza masjala hatoki ofisini mpaka saa moja jioni, wala mumewe asiulize kwa nini. Mumewe, fundi saa mstaafu, aliitii miaka kumi na tisa. Alhamisi alipika yeye. Saa kumi kamili Bibi Kufuli alikuwa kwa wifi yake, miguu juu ya stuli, akicheza karata.

Alhamisi moja asubuhi mkuu wa masjala aliingia mbio, tai imerukia begani.

"Zimefutwa! Zote! Hakuna tena kutia lakiri bahasha tatu, hakuna tena kupeleka kwa miguu neno la kupigia simu!"

Masjala ililipuka. Mpiga chapa alibandua kibandiko cha SIRI SANA akajibandika shavuni. Faili la kwanza kufunguliwa, lililofungiwa tangu ujana wao, lilikuwa na barua kumi na moja kuhusu paka wa getini. Watu walicheka mpaka machozi. Bibi Kufuli alipiga kigelegele, kikamkatikia katikati. Zote? Mzee wa nyumbani akisikia redioni, Alhamisi zake ndiyo basi tena!

Saa kumi akakimbilia kwa wifi.

"Sema moja imebaki," wifi alimshauri, akipiga turufu. "Kaka yangu mie namjua. Mwambie mvua ni ya serikali, ataiamkia shikamoo."

Saa moja akafika kwake akihema kama aliyebeba taifa kichwani. Mumewe alikuwa mlangoni, macho yanamcheka.

"Mke wangu! Redio imesema zimefutwa zote. Alhamisi ijayo jiko ni lako!"

"Zote isipokuwa ile yetu, baba. Mkuu mwenyewe kanishika mkono sasa hivi, tuko wawili tu masjala, kaniambia: Bibi, ya Alhamisi haiguswi."

"Sasa hivi?"

"Nimemwacha kakaa kitini."

"Kitini nimekaa kweli, Bibi," mkuu alijibu kutoka sebuleni, sahani magotini. "Tangu saa kumi na moja, nimekuletea mwaliko wa sherehe. Hebu pita ndani utufafanulie. Mzee amenisomea kanuni nzuri sana, ila mimi siijui."