Gauni la Kiyoyozi

Bibi hakupenda kuona kitu kimekaa uchi. Wiki chache tu tangu ahamie kwa mwanawe wa pili, redio ilikuwa na kitambaa, jagi lina kofia ya shanga, na televisheni imevaa shela kama bi harusi. Mke wa mwanawe alisema asante kila mara, asante ile ya kufunga mazungumzo. Bibi hakujali. Kilichomkosesha raha ni begi lake, ambalo hakuwa amethubutu kulipangua. Kwa mwanawe mkubwa alikaa mpaka blenda ilipoungua mkononi mwake, ndipo akaambiwa, kwa upole kabisa, aende akabadilishe hewa kwa yule mdogo. Na huku akiharibu, je? Mtoto wa tatu hakuwa naye.

Basi kiyoyozi kikagoma.

Hakikuzimika. Kilivuma vilevile, ila upepo wake ukawa vuguvugu. Mtoto mchanga akatoka vipele vya joto shingoni, akalia mpaka sauti ikamkauka. Baba yake alibonyeza rimoti kwa hasira, akashusha nyuzijoto hadi za mwisho, akafunga madirisha, akachomoa chujio na kuliosha bafuni kwa sabuni. Chujio likatakata. Upepo ukabaki uleule.

"Gesi imeisha," alitangaza, maana mwanamume asipojua husema gesi.

"Mashine mpya hii, gesi iishe imekwenda wapi?" mkewe alimuuliza, akampigia fundi.

Fundi alikuja na mkoba wake, akaweka kiganja mbele ya upepo, akatega sikio. "Huku ndani hakuna shida. Ile ya nje iko wapi? Ndiyo inayolitupa joto la chumba. Ikizibwa, joto halina pa kwenda."

Bibi alikuwa akimpepea mjukuu kwa kipande cha boksi. Mkono ukasimama. Alikumbuka ile mashine ya nyuma ya nyumba ilivyokuwa ikipigwa na vumbi, maskini, na jana yake yeye akaishonea gauni kwa kitenge chake cha kutokea, akalibana kwa lastiki pande zote. Blenda kwanza, sasa na hiki.

Mkwewe alimpeleka fundi nyuma ya nyumba. Kicheko cha fundi kilisikika mpaka ndani. Mkwe akarudi na gauni kwapani, lastiki inaning'inia.

"Nani kaivalisha mashine nguo?" mumewe aliuliza, na macho yakamwendea mama yake.

Bibi alifungua kinywa.

"Mimi," mkwe alisema. "Nilichoka na vumbi, nikamwomba mama yangu anishonee."

"Mama yako? Mama yako si yuko kwao?"

"Yuko hapo. Kampakata mwanao."

Fundi aliiacha mashine ipumzike, akaiwasha, na taratibu chumba kikaanza kupoa. Mtoto akasinzia.

Hakuna aliyemwomba Bibi ashone chochote, na wote wawili walilijua hilo. Alimlaza mjukuu, akaenda chumbani kwake, akakaa kitandani akalia kidogo, akajifuta. Kisha zipu ya begi ikasikika, ikifunguliwa mwanzo hadi mwisho.

"Mwanangu," alimwita mkwewe, "hanga za nguo mnazo?"